Mji wa Kumpa Mwalimu

Mwalimu wa binti yangu alirudi kutoka semina na kofia. Nyeupe, na mbele imeandikwa kwa buluu: Mtoto Mbunifu, Amani ya Kudumu. Alikuwa amekaa siku kadhaa katika hoteli yenye jenereta, akala kuku, akabandika vikaratasi vya rangi ukutani pamoja na walimu wenzake, na watu wa mradi wakamweleza kwamba watoto wa Ituri vita imewaziba akili. Sasa lazima wafundishwe ubunifu. Na wafundishwe kwa vitendawili, kwa sababu vitendawili ni hazina ya mababu zetu. Halafu hazina hiyo ya mababu zetu wakampa kwenye fotokopi: vitendawili upande wa kushoto, majibu upande wa kulia.

Naandika haya na hasira bado ninayo. Anayetaka mama mpole akasome kwingine.

Vita imewaziba akili! Mtoto wa Bunia, ambaye kopo la nyanya kwake ni lori, ambaye akisikia pikipiki kwa mbali anakuambia ni ya nani na kama mwenyewe amelewa, ambaye mama akisema "tunaenda kusalimia watu" anatazama kwanza ukubwa wa mzigo ndipo ajue kama ni kusalimia au ni kukimbia, huyo ndiye aletewe ubunifu kwa ndege. Mimi nilimaliza sekondari. Diploma yangu ya serikali, yaani cheti cha kumaliza, ipo, imefungwa kwenye plastiki isiliwe na panya. Na katika miaka yote ile sikumbuki hata siku moja nilipoulizwa swali ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake mfukoni. Nyumbani ndipo niliulizwa.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Lumumba, tuko wanne: mimi, binti yangu aliye mwaka wa pili wa shule ya msingi, mdogo wake ambaye bado anaishi mgongoni kwangu, na koko, mama ya mama yangu. Baba ya watoto yuko kwenye machimbo ya dhahabu, anarudi akirudi. Mimi nauza samaki wa chumvi wanaotoka Tchomia, kule ziwani. Koko alitoka Bule, na hakutoka kwa kupenda. Alifika na sufuria moja, na kifuniko cha sufuria nyingine, na vitendawili vyake vyote.

Msidhani sasa nitawaletea bibi kizee mwenye busara. Koko ni mwizi. Anatega kitendawili, unahangaika, unakaribia jibu, naye analigeuza mdomoni kama peremende na kukuambia hapana, siyo hilo. Ukikasirika anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini ana sheria moja ambayo hata yeye haivunji. Mtu akileta jibu ambalo koko hakulitarajia, hasemi ndiyo wala hapana. Anasema: "Onyesha." Basi uonyeshe. Uchukue kitendawili neno kwa neno na kulikalisha kila neno kwenye jibu lako. Neno moja likikosa kiti, umeshindwa. Yote yakikaa, umeshinda, hata kama jibu la koko lilikuwa lingine.

Siku moja alitutegea hiki: anakuja mjini bila miguu, anauzwa bila damu, na kila mtu anamtambua kwa pua. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la jibu lenyewe, kwa hiyo nilinyamaza ili mtoto afikiri. Mtoto akafikiri, akasema: "Petroli."

"Onyesha."

"Inakuja mu mitungi, haiko na miguu. Wanaiuza mu chupa kando ya barabara, damu haiko. Na mutu akinunua ananusa kwanza aone kama walichanganya."

Koko alifyonza meno kwa uchungu wa kushindwa na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. "Hiyo pia inaingia," akasema. Halafu akadai kwamba samaki wake ananuka zaidi.

Huo ndio ubunifu ninaoujua mimi. Si kusema lolote linalokuja kichwani halafu watu wakupigie makofi kwa sababu umejaribu. Ni kukigeuza kitu kile kile ambacho macho yamekizoea, mara kwa mgongo, mara kwa tumbo, mpaka maneno yote yapate pa kukaa. Na anayekuuliza naye awe tayari kusikia jambo ambalo hakuwa nalo. Hilo la mwisho ndilo walimu hawakupewa kwenye semina, labda kuku waliisha.

Na kuna jambo la miji. Mkishindwa, mwenye kutega anawaambia: nipeni mji. Desturi hii sijui ililetwa na wachuuzi kutoka ng'ambo ya ziwa au ilitoka kwenye vitabu vya shule, lakini koko aliikuta na akaipenda kuliko vitendawili vyenyewe. Unampa mji, anauchukua, anausafiri kwa mdomo: nilienda huko, nikala wali wa watu, nikalala na viatu kwenye kitanda cha gavana, nikakuona weye sokoni unalia, nikapita kama sikujui. Ndipo anakupa jibu. Utotoni nimetoa Kinshasa mara nyingi kuliko serikali yoyote. Nimewahi kuwa mwenye Kampala kuanzia ugali wa jioni mpaka chai ya asubuhi.

Siku hizi mambo yamebadilika na hakuna aliyetangaza. Koko alipofika kwetu kutoka Bule, ndugu zetu wengine nao walikuwa wamekimbilia Lumumba, na watoto walijaa uani. Wakategeana. Mmoja akashindwa, akaropoka: "Nakupa Bule!" Koko akasimama, akaacha sahani yake, akaingia ndani. Hakugomba. Watoto wenyewe wakaelewa: mji ambao watu waliukimbia hautolewi. Toa Paris, toa Nairobi, toa mbinguni ukitaka. Baadaye Tchomia nayo ikaondolewa, maana jirani alikuwa na mtu wake huko. Ikawa kila siku kuna mji mwingine usiotolewa, mpaka watoto wetu wakawa wanajua ramani ya Ulaya kuliko ya Djugu, eneo lenye Bule na Tchomia. Halafu wanasema vita imewaziba akili.

Basi mwalimu akavaa kofia yake akaingia darasani kufundisha ubunifu. Siku ya kwanza aliandika ubaoni vitendawili vyote na majibu yote, watoto wakanakili, akawaambia wakariri. Siku ya pili ndiyo ikawa ya kubuni.

Yaliyotokea siku hiyo niliyakusanya vipande vipande, kwa binti yangu na kwa wengine. Yeye alirudi nyumbani kabla ya saa ya kutoka, mfuko wa shule kichwani, anatembea kama mtu mzima aliyefukuzwa kazi. Mimi nilikuwa nakung'uta chumvi kwenye samaki.

"Nimefukuzwa," akasema.

"Juu ya nini?"

"Juu ya yai."

"Ulivunja yai ya mwalimu?"

"Hapana. Nilikataa yai." Akavua kiatu, akatoa mchanga. "Na nilimuuma ule mwenzangu wa banki, ule tunaketi naye."

Mwalimu alikuwa amesema: "Kitendawili!" Darasa: "Tega!" Akasema: "Nyumba yangu haina mulango." Darasa zima, kwa sauti ya kukariri: "Yai!" Isipokuwa mmoja aliyeinua mkono. Wangu.

"Mwalimu, ni nyumba ya koko yangu. Kule Bule. Mulango waliubeba. Na madirisha. Nyumba njo ilibaki."

Sasa geuzeni mnavyotaka. Nyumba ipo. Mlango haupo. Maneno yote yamekaa. Koko angenung'unika na kukubali. Mwalimu alitazama karatasi yake, upande wa kulia, na karatasi ilisema yai.

"Si kweli. Ni yai. Umeshindwa, toa muji."

Alikuwa amejifunza na desturi hiyo kwenye semina. Ilikuwa kwenye fotokopi.

"Toa muji!"

"Tulishatoa," mtoto akasema.

Mtoto wangu si mwanafalsafa. Anakula chaki, na juzi alijaribu kumuuza mdogo wake kwa mwenzake kwa kipande cha muwa. Aliposema "tulishatoa" alimaanisha tu kwamba mji wetu umekwisha kutolewa, kwa hiyo hana mwingine, aachwe aketi. Lakini darasa likacheka, na mwalimu akasikia kitu kingine kabisa. Alisikia redio. Alisikia mikutano ya siasa. Akachukua fimbo iliyokuwa kwenye dirisha, kofia ya amani ya kudumu ikiwa bado kichwani.

Hapo mwenzake wa banki, msichana wanayeketi naye tangu mwanzo wa mwaka, wakigawana kifutio kimoja kilichokatwa kwa meno, akasimama na kupaza sauti: "Mwalimu, mi namutolea! Chukua Bule!"

Na binti yangu akageuka, akamuuma mkono mpaka damu.

Msichana huyo ni wa upande wa pili. Makabila yetu sitayaandika hapa. Anayeyajua anayajua, asiyeyajua ashukuru Mungu. Mwalimu aliona mtoto wa kule anagawa kijiji cha watu wa huku, na mtoto wa huku anamwaga damu ya mtoto wa kule. Akaona vita imeanza upya, na imeanzia katika mwaka wa pili. Akakimbia ofisini. Mkuu wa shule akatuma neno: mtoto asirudi mpaka mzazi aitwe mbele ya kamati, na huenda asirudi kabisa.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imekaribia. Binti yangu alikuwa amekwisha kurudia mwaka huo wa pili mara moja, si kwa ujinga, kwa kukimbia. Akikosa mitihani tena, angerudia tena, magoti yakigonga meza, kati ya watoto ambao wangeanza kumwita shangazi. Na najua inavyokuwa kwa msichana wa namna hiyo. Mwaka mmoja anaona haya, mwaka unaofuata anabaki nyumbani kunisaidia kukung'uta chumvi, na huko hatoki tena.

Nilimweleza koko. Koko akauliza swali moja: "Aliuma sana?"

"Mpaka damu."

"Meno ya mbele hana. Angekuwa nayo..."

Huo ndio msaada nilioupata nyumbani.

Ofisini tulikuwa watano. Mkuu wa shule, directeur wetu, nyuma ya meza. Mwalimu, kofia magotini. Muzee mmoja aliyevaa koti, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye wajukuu wake wote walikwisha kumaliza shule lakini kiti hakimwachi. Na mama wa yule msichana, amekaa ubavu, uso kwenye ukuta. Tunajuana kwa sura sokoni, anauza unga. Hatujawahi kusalimiana. Watu wake na watu wangu wamefanyiana mambo, na sisi wawili tulirithi kutotazamana.

Hii amani yetu ni kama mtoto mchanga aliyelala baada ya kulia usiku kucha. Kila mtu anatembea kwa kunyata, na kila mtu anamkaripia mwenzake kwa kelele kubwa kwamba usimwamshe.

"Mama," mkuu wa shule akaanza, "hii neno iko grave, iko nzito. Siye tunatafuta cohabitation pacifique, watu wakae pamoja na amani, na mutoto wako anakula wenzake."

"Alimuuma mukono. Hakumukula."

"Alimuuma juu ya kabila."

"Alimuuma juu ya muji."

"Ni kitu moja!" mwalimu akadakia. "Directeur, mi nilifuata tu karatasi. Karatasi inasema, akishindwa atoe muji. Mi nikasema toa muji. Akanijibu politiki. 'Tulishatoa'! Mutoto wa mwaka wa pili! Nani alimufundisha?"

"Siku hizi hata kuku iko na politiki," muzee akasema, akitikisa kichwa.

Mkuu wa shule akakohoa, akasoma uamuzi ambao ulionekana wazi ulikuwa umelala kwenye meza kabla sijaingia. Mtoto abaki nyumbani. Aandikishwe tena mwaka unaokuja, hali ikitulia.

"Hali ya nani?" nikauliza.

"Hali ya kwa jumla, mama."

Mtoto mgongoni alianza kulia, nikampa ziwa pale pale mbele ya kamati, na nilipokuwa namnyonyesha hasira ilinipanda mpaka nikaona tutalia wote. Kugomba nilijua hakutasaidia. Nilikwisha kugomba njiani peke yangu, nikashinda kila hoja, na hakuna aliyesikia. Ndipo nikafikiri: hawa watu wanne wameogopa kitendawili. Basi.

"Kitendawili," nikasema.

Muzee, kwa mazoea ya miaka yote, mdomo ukamponyoka: "Tega."

"Anaingia nyumba ya kila mutu bila hodi. Anakula mbele ya wageni. Na mwenye nyumba njo anaona haya pa nafasi yake."

"Mama, hapa hatukuja kucheza," mkuu wa shule akasema. Lakini nilimwona anafikiri. Mtu aliyelelewa na vitendawili huwezi kumtegea akakaa nacho bila kukikuna.

"Ni mugeni mulafi," mwalimu akasema.

"Onyesha. Mugeni anakula mbele ya wageni? Yeye mwenyewe si mugeni?"

Mwalimu akaangalia magoti yake, ambako hakukuwa na karatasi.

"Askari," muzee akasema.

Mkuu wa shule akainuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi.

"Nilikuwa nawaza tu," muzee akasema kwa sauti ndogo.

"Muzee, yako inaingia kabisa," nikamwambia. "Maneno yote yamekaa. Mi jibu yangu ni mende, lakini weye hutoi muji. Hawa wengine, nipeni miji yangu."

"Mama..."

"Directeur, umeshindwa. Toa muji."

Alitazama dari. "Paris," akasema haraka, kama anayetaka mambo yaishe.

"Mwalimu?"

"Kinshasa."

Nikamgeukia mama wa msichana. Aliendelea kutazama ukuta. "Mi siko na muji wa kutoa," akasema.

"Haya. Directeur, weye kwenu ni wapi? Usiniambie, siombi. Nauliza tu juu ya nini hukunipa kwenu. Mwalimu, na weye. Kwenu si Kinshasa, Kinshasa hata hujafika. Juu ya nini mulinipa miji ya watu?"

Muzee ndiye aliyejibu, na alijibu kama mtu anayemweleza mjinga. "Mutu hawezi kutoa kwao, mama. Hata mu muchezo. Siku hizi iko mubaya."

"Basi mutoto wangu alisema nini ya zaidi?"

Ningependa kuandika kwamba waliinamisha vichwa. Hawakuinamisha. Mkuu wa shule alisema hiyo ni njia ya kuzungusha maneno, na kwamba kuuma ni kuuma. Na hapo alikuwa na haki.

Ndipo yule mama akageuka kutoka ukutani. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwalimu.

"Na wangu? Mulimuuliza wangu alitoa Bule juu ya nini?"

"Mama, inaonekana..."

"Haionekani! Weye ulikuwa umenyanyua fimbo. Mutoto wangu anajua muji moja tu mukubwa, Bule, juu, kabla ya vita, shangazi yake alikuwa anauza kwenye soko ya kule na kumuletea mandazi. Anaionaka kama ni Ulaya. Aliutoa apate kumuokoa mwenzake asichapwe. Akanirudia nyumbani na meno ya mutu ku mukono, analia: mama, nilimutolea muji muzuri, juu ya nini ananiuma?"

Nami nilikuwa nimekwisha kumhukumu yule msichana. Nilikuwa nimemsikia kama mwalimu alivyomsikia binti yangu: kwa masikio ya redio. Nilipaswa kusema onyesha, na sikusema.

"Mi nilifuata karatasi," mwalimu akarudia, lakini sasa hata yeye alikuwa anaiambia kofia.

Mwishowe waliamua, na waliamua kama wakubwa wanavyoamua, yaani kila mmoja atoke ofisini na heshima yake bila kujali imetoka wapi. Mtoto atarudi kesho na atafanya mitihani. Ataomba msamaha kwa mwenzake kwa kumuuma; hilo nililikubali kabla hawajamaliza kulisema. Vitendawili vitasimamishwa katika shule nzima mpaka amani ikomae. Nilitaka kucheka lakini mtoto alikuwa bado kwenye ziwa. Na mwisho, kwa ajili ya nidhamu, binti yangu atasimama mbele ya darasa na kusema jibu la kweli.

"Jibu gani?" nikauliza.

"Yai," mwalimu akasema.

Nilitaka kukataa. Nilitazama mama yule, naye kwa mara ya kwanza akanitazama, na macho yake yalisema wazi: usiharibu. Nikasema sawa.

Nyumbani nilimfundisha mtoto. Nilimwambia hatadanganya, na hatafukuzwa. Atasema: "Ni yai pia." Neno moja dogo nyuma. Mwalimu atapata yai lake, na nyumba ya koko itabaki imesimama. Nilijiona nina akili sana. Koko alisema huo ni woga, mtoto aseme nyumba ya Bule mbele ya watu wote na wamfanye watakavyo. Nikamwuliza kama ni yeye atakayemsomesha. Tuligombana sisi wawili mpaka ugali ukapoa. Mtoto alikula.

"Utasema namna gani?" nikamwuliza.

"Ni yai pia."

"Tena."

"Ni yai pia, mama, nimesikia."

Asubuhi nilisimama chini ya dirisha la darasa, mtoto mgongoni, beseni ya samaki kichwani, na nzi wote wa Lumumba wakinisindikiza. Nilimsikia akiomba msamaha. Alisema vizuri, na mwenzake akajibu kitu ambacho sikukisikia, na watoto wakacheka, si kwa ubaya. Halafu mwalimu: "Nyumba yangu haina mulango. Ni nini?"

"Yai."

Nikangoja.

"Sauti!"

"Yai!"

Nikangoja. Darasa likapiga makofi yale ya kufundishwa, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa. Neno langu dogo halikuja.

Mwalimu alipotoka nje alinikuta bado nimesimama. Alikuwa mchangamfu, kofia imerudi mahali pake. "Mama, unaona? Kitu kidogo tu. Ameelewa."

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Ameelewa."

Na hasira niliyoibeba sokoni siku hiyo ilikuwa nzito kuliko beseni. Nilimpigania arudi darasani, amerudi, na somo la kwanza alilolishika ni kwamba mkubwa akikuuliza, unampa kilicho upande wa kulia wa karatasi yake. Alilishika upesi. Mimi lilinichukua sekondari nzima. Nilimkemea mteja aliyebonyeza samaki. Nilimkemea na aliyekuwa hajabonyeza.

Alasiri alirudi akiruka mguu mmoja.

"Pia yako ilienda wapi?" nikamwuliza hata kabla hajatua mfuko.

"Pia gani?"

"Nilikufundisha useme yai pia!"

"Aa." Akafikiri. "Mwalimu anapenda yai, mama. Nikamupa yai."

"Na nyumba ya koko?"

"Hiyo nilimuambia mwenzangu, ku banki. Aliniuliza mulango wenyewe ulikuwa wa rangi gani. Mwalimu hakuniulizaka." Alikuwa anatafuta muwa aliouficha nyuma ya mtungi. "Yeye anasema kwao, kule walikimbia, njo tofauti. Kwao mulango ulibaki umesimama. Nyumba njo haiko."

Koko, aliyekuwa anajifanya amelala, akafungua jicho moja.

"Sasa tunatafuta hiyo ni kitendawili ya nini," mtoto akasema.

"Mulipata?" nikauliza.

"Bado. Mama, niende kwao? Anasema tumalizie kule."

Mimi kwenye uwanja wa nyumba ile sijawahi kukanyaga, na sijui kama nitakanyaga. Nilimtazama mtoto, nikatazama barabara. Nikamwambia aende, apite kwenye njia kubwa, arudi kabla ya giza, na wakimpa chakula asiombe kuongezwa.